Mpishi Alisikia

Mbwara,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, na nisipolitanguliza nitalizungukazunguka mpaka karatasi iishe: siku ile ya filamu, huko Kibiti, nilikudanganya. Baada ya hilo, hujambo? Shangazi yako je, kifua kimepoa? Huku tu wazima. Bibi anakusalimu, ingawa ngedere wametumalizia mahindi.

Uliniuliza mbona mwoga kama mimi, nisiyeweza hata kunyoosha kidole darasani, napenda mazombi ya Kikorea. Nikacheka tu. Mwenzangu, mazombi yenyewe hayanitishi. Wakorea wanakukalisha na mtu kwanza: unamwona akimenya vitunguu saumu, akigombana na bintiye kwa ajili ya viatu, akimwekea mama mkwe kipande kikubwa cha samaki. Ukishamzoea ndipo anang'atwa, halafu anarudi na sura ileile kumtafuta binti. Hapo humkimbii zombi, unamkimbia mtu wako. Na wazima ndio wa kuogopwa zaidi, maana mlango uko mikononi mwao.

Unamkumbuka yule mpishi wa hospitali aliyejifungia ghalani huku mwenzake akigonga? Ulirusha kandambili kwenye TV, ukasema shetani mkubwa huyo, bora angekufa yeye. Alipolia mwishoni, maandishi ya Kiingereza yakapita mbio, shangazi akaniuliza mwanangu, anasemaje. Nikawaambia anasema hakusikia. Siyo. Alisema alisikia kila pigo, na sauti aliijua. Ndipo nikasingizia tumbo, nikatoka nje.

Mwanaidi, mimi nilimsikia kaka yako Kheri.

Masika yale ya mafuriko nilikuwa na Bibi juu ya dungu letu, kile kichanja cha nguzo ndefu, shambani, tukiamia ndege wasile mpunga. Maji yalipanda asubuhi moja, nikaivuta ngazi juu kwa kuogopa nyoka. Nguzo moja ikaanza kuyumba. Kheri akaja, maji yamemfika kifuani, akaniita kwa jina langu, akaniambia nishushe ngazi. Hata hapo alitania, akasema nauli atalipa. Niliona akipanda yeye tutaanguka sote. Bibi akanifokea nimshushie mwenzangu. Sikuishusha. Alikumbatia nguzo, akaita mara tatu. Ya nne hakuita.

Nyinyi mliambiwa alichukuliwa akivuka mto. Bibi alinisihi ninyamaze, akasema aliyekufa keshakufa, tusiwachome mara ya pili waliobaki. Nikanyamaza. Na kila nikienda kwenu, mama yako ananiwekea ukoko wa wali, ule aliokuwa akimwekea Kheri, nami naula.

Sikuombi unisamehe leo. Nimechoka tu kuwa mtu ambaye hamumjui.

Msalimie shangazi, na wote wanaoniuliza, kama utataka bado kulitaja jina langu. Mama yako anakuja huko kesho, aliahidi kupita leo kuichukua barua hii. Tatu zilizotangulia nilizichoma jikoni. Hata hii, tangu asubuhi, kila nikisikia hatua naisukuma chini ya mkeka.

Sasa nasikia kandambili za mama yako uani. Anapiga hodi, anauliza kama Yasmini wake yupo. Karatasi naiacha wazi hapa mezani, na kusoma anajua.

Namfungulia mlango.

Mimi,
Yasmini