Baraza Halimo Kwenye Bei

Ulysse,

Supu ya kamba na bamia iko jikoni, ipashe moto polepole isishike chini. Noémie akitoka shule ale kwanza. Mafundi wa kuinua nyumba wakija, ~~waanze na baraza~~ wasiguse baraza mpaka nirudi.

Asubuhi nilikufokea, najua. Lakini na wewe ulisema, "Nyumba inapandishwa juu ya mafuriko kwa dola elfu mia, wewe unalilia mbao?" Ndiyo, nalilia mbao. Msimamizi wa mradi kasema pesa ya serikali inainua nyumba tu mpaka kiwango kipya cha mafuriko. Baraza linavunjwa, na tukilitaka huko juu, tulijenge wenyewe.

Pale ndipo marehemu baba alipokuwa akikaa kumenya kamba, na kila anayepita njiani anaitwa. "Wee, unapita kama mdaiwa? Njoo unywe kahawa." Nawe ulipita wiki nzima na baiskeli isiyo na breki, ukijifanya una safari. Baba asingekuita, leo ungekuwa unamnunia mke mwingine.

Basi nimekwenda kumwambia msimamizi, ile pesa ya jiko jipya niliyokusumbulia mwaka mzima ijenge baraza. Jiko la zamani bado linapika.

Kiti cha baba kiingize ndani. Usikipake rangi.

Huko juu hatutasikia tena nyayo za mtu njiani. Itabidi tukae nje, tumwone, tumwite.

Mama Noémie