Mji Ulioniandikia

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie shangazi akusomee polepole, asiruke mistari kama anavyoruka madimbwi. Mimi sijambo, hofu ni kwako na hayo macho.

Uliuliza kama mnara wa saa bado upo. Upo. Jumapili nilikwenda kuukagua kwa niaba yako. Una nyuso nne na kila uso una saa yake, basi kila mtu hutazama ule unaomfaa. Ukuta wa bustani ulioujenga ukiwa kijana haujapata hata ufa. Niliupapasa.

Daktari wa macho wa hapa hospitali, ninakofua mashuka, anasema mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Njoo, Baba.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, ila shangazi yako anayeniandikia hii amenuna kwa habari ya madimbwi.

Siku hizi nina watoto wawili: wewe, na huyu wa jicho. Yeye haniachi hata nikilala. Wewe hata sura yako inaanza kunipotea.

Niambie daraja. Niambie soko kuu, kama wauza vitambaa bado wako ghorofani. Ya daktari tuyaache.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo, na shangazi anisamehe.

Magari yamejengewa daraja jipya. La zamani wameachiwa waenda kwa miguu. Nililivuka taratibu, nikasimama katikati kama ulivyoniambia ulikuwa ukisimama, nikatazama mto. Wauza vitambaa bado wako juu, na kila mwanamke humwita bibi harusi, hata mimi na viatu vyangu vya kazini. Stesheni ina paa jekundu. Pale nikimwona mzee aliyevaa kofia kama yako, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe.

Mbona hospitali huniulizi? Ndiko ninakoshinda.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo, namshukuru Mungu.

Siulizi kwa sababu najua. Lile lango niliingia nimemshika mama yako mkono, nikatoka nimeshika mfuko wa nguo zake. Wewe ulikuwa mdogo, tukakwambia amesafiri. Ulipopata kazi pale nilinyamaza. Riziki haichaguliwi mlango. Lakini mimi, hapana. Heri giza la nyumbani kwangu. Usinibembeleze.

Baba yako

10 Julai

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya kirefu. Kila nikishika kalamu nilitaka kukuandikia mji, kwa sababu mji hauumi. Leo nakuandikia hospitali.

Lile lango halipo tena. Siku hizi tunaingilia upande wa sokoni. Wodi ya macho iko ghorofa ya juu kabisa, na ukisimama dirishani mji wote uko chini yako, kuanzia stesheni hadi madaraja. Sisi wafuaji tuko chini, ndani ya mvuke. Siku yangu ya kwanza nilishika shuka nikalia, nikiwaza kwamba mama alilalia kama lile. Msimamizi alinishika bega. "Kunja, mama," akasema. "Kuna mtu analisubiri." Tangu siku hiyo kila shuka nalikunja kama la mama. Lako nitalitandika mwenyewe.

Sikubembelezi, Baba. Nataka unione.

Mwanao

9 Septemba
Wodi ya Macho

Mwanangu,

Huu mkono ni wangu. Hati imepinda, vumilia. Najua uko hapo chini kazini, lakini jioni iko mbali, nami nina neno.

Walipofungua bandeji asubuhi ulikuwa umesinzia kitini. Nilimwomba muuguzi asikuamshe. Nikakutazama, nisishibe. Una mvi upande wa kushoto. Vidole vimechubuka kwa sabuni. Paji la uso ni la mama yako, ila limefikia umri ambao yeye hakuufikia. Mji mzima uliniandikia, mwanangu, na hayo yote hukuniandikia hata mstari mmoja. Kisha ukaamka, ukalia, ukakimbilia zamu, nami sikuwahi kukwambia lolote.

Sasa hivi muuguzi ameniuliza kama nataka anisogeze dirishani nikauone mji. Nimemwambia mji haukimbii, namngoja binti yangu.

Ukimaliza kazi panda. Usipitie kwingine.

Baba yako