Volani ya Upande Mbaya

Jumatatu, 7 Julai 2025

Aibu tupu! Somo la kwanza la udereva, nami nimeingia mlango wa abiria. Nikakaa, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono mbele — hakuna usukani. Mwalimu Olweny alikuwa amesimama nje na karatasi yake. Akaniuliza kama namsubiri dereva.

Halafu barabarani. Kutoka getini tu nikashika upande wa kulia, kwa roho safi kabisa, na boda inakuja mbele yangu. Olweny akauvuta usukani. "We Mukongo! Rudi kushoto! Unataka kuua sisi?"

Miaka kumi na moja niko Kampala. Navuka barabara hizi kila siku na sijawahi kukosea upande nikiwa kwa miguu. Ila nikishika usukani nageuka yule mtoto wa miaka kumi kule Butembo, nimepakatwa na Baba kwenye lori lake, usukani kushoto, lori kulia kwa barabara. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Kwa hiyo kosa ni lake! Nitamwambia.

(Sitamwambia.)

Jumatano, 9 Julai

Nimeliona!

Estelle, tunayesuka naye nywele saluni hapa Nsambya, alinisindikiza Nakawa kwenye bondi, kule yanakoegeshwa magari yaliyotoka Japani kungoja wateja. Nilikwenda na akili zangu timamu. Gari dogo, la adabu, rangi ya fedha, linalomfaa mtu ambaye bado anabandika L nyuma na mbele. Nikapita safu ya kwanza, ya pili. Ya tatu — Subaru Impreza ya buluu, bawa nyuma, tundu la hewa kwenye boneti, gia za mkono. Miguu ikagoma kuendelea.

Muuzaji anaitwa Asuman, Mnubi mwenye kofia nyeupe na mdomo usiochoka. Akasema, "Dada, hii gari si ya kila mtu. Hii anachagua mwenyewe." Estelle akasema naona imechagua asiyejua hata kurudi nyuma.

Najua! Najua yote! Halinifai hata kidogo. Lakini nimesuka nywele za watu miaka minne mpaka vidole vimepinda, na katika hiyo miaka minne kila mtu amekuwa akiniambia kinachonifaa. Nalitaka hilo la buluu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesema nyumbani. Mama akauliza kama lina nafasi ya magunia. Baba hakuuliza rangi, hakuuliza bawa. Aliuliza moja tu, la usukani.

"Volani iko ku upande gani?"

Kulia, Baba. Hapa Uganda yote ni kulia.

"Basi haiko gari yetu. Mwaka ujao tunarudia kwetu. Utaendesha namna gani kule na volani ya upande mbaya?"

Mwaka ujao! Nimeusikia huo mwaka ujao tangu nina miaka kumi na miwili. Ndiyo maana kila kitu humu ndani kinakunjwa. Meza inakunjwa, viti vinakunjwa, kabati la Mama ni la kitambaa, lina zipu. Sofa tulinyimwa kwa sababu sofa haikunjwi. Baba anakaa kwenye kiti chake cha kukunja na redio sikioni, anasikiliza habari za vita vya kwetu, ambazo ni mbaya zaidi ya jana, halafu anazima na kusema mwaka ujao.

Nikamwambia basi asipande, kwani nimemlazimisha? Akatabasamu. Anajua amenishika. Kanisani kwetu gari jipya haliendi popote kabla baba mwenye nyumba hajalizungusha uwanjani mara moja kwa mkono wake mwenyewe, ndipo pasta analiombea. Na Baba, aliyeendesha malori miaka ishirini, hajawahi kugusa usukani hapa. Anasema haendeshi upande mbaya.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimembana Pasta Elie mlangoni. Je, mjomba anaweza kulizungusha? Hapana. Shemasi? Hapana. Mimi mwenyewe, niliyelitolea jasho? Akacheka sana. Mzee wako yu hai, anasema, yuko Nsambya, ana miguu miwili. Atakuja.

Humjui huyo mzee, Pasta.

Nimewaza kulinunua hivyo hivyo, bila maombi. Mama amesema hatatia mguu wake humo. Na ukweli — hapa naweza kusema ukweli — hata mimi ningeogopa. Najikasirikia kwa hilo.

Jumatatu, 14 Julai

Somo la tatu. Sijakosea upande. Olweny akanipigia makofi, ya kejeli, lakini nimeyapokea.

Nyumbani Baba hasemi nami. "Ambia binti yako anipe chumvi." Mama ananitazama. Chumvi iko mbele yake! Mezani tuko watatu!

Jumatano, 16 Julai

Mama alinikuta nafua, akachutama karibu, akaanza kukamua nguo ambazo hazikuhitaji kukamuliwa. Nikajua ana neno.

Baba aliwahi kuendesha hapa. Siku moja. Mwaka ule tulipofika alipata kazi ya lori huko kwenye viwanda, mimi niko shuleni sijui lolote. Asubuhi ya kwanza akaingia mzunguko wa barabara kwa upande wa kwetu. Mbele yake mwanamke juu ya boda, na mtoto mgongoni. Alikanyaga breki, lori likasimama, mwenye boda akaanguka pembeni. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata mkwaruzo, Mama anasema. Baba akazima lori, akawapa ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Jioni ile ndipo aliposema kwa mara ya kwanza kwamba ataendesha tena tukirudi.

Kwa hiyo miaka kumi na moja tunakunja viti kwa sababu ya dakika moja ya woga! Au pia kwa sababu ya Butembo. Sijui. Hata yeye pengine hajui mpaka kati ya hizo sababu mbili uko wapi.

Nikauliza mbona hamkuniambia. Mama akasema, ungemtazama baba yako kwa jicho jingine. Akaniapisha nisiseme. Nina hasira na wote wawili, na ninamhurumia, na hiyo huruma inanizidishia hasira.

Ijumaa, 18 Julai

Asuman amepiga simu. Kuna kijana wa Old Kampala anakuja kesho kuliona la buluu, na huyo hana maswali mengi. "Mimi natunzia wewe mpaka saa sita, dada. Ikipita hapo usinilaumu."

Nikatangaza wakati wa chakula. Kesho naenda Nakawa kulichukua. Baba akamwambia Mama, ambia binti yako anunue kitu cha kubeba, tutarudia kwetu nacho.

Nikasimama. Nikasema, "Baba, huko harudi mtu! Si wewe, si sisi!"

Baba akarudisha ile antena ya redio ndani, polepole, pete kwa pete. Akaenda kulala na jua bado lipo.

Lile la lori sikulisema. Nimetimiza kiapo cha Mama. Lakini nililolisema huenda ni baya zaidi. Natamani nimezwe na ardhi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandikia ndani ya gari, daftari liko gotini. Mwandiko mbaya.

Asubuhi nilimkuta Baba mlangoni amevaa koti la Jumapili. Hakusema anakwenda wapi. Nikatoka, akatoka. Tukaandamana mpaka Nakawa.

Bondini akalizunguka la buluu mara mbili. Akapiga magurudumu teke, akafungua boneti, akaniashiria niliwashe, akainamisha sikio. Sijamwona hivyo tangu utoto. Hata mgongo ulinyooka. Asuman akasema, "Mzee, wewe unajua gari!" Baba akasema, "Minajua lori."

Akaingia upande wa kushoto, nami kwenye usukani, tukazunguka yadi. Likanizimikia mara mbili. Kila kona mguu wake unakanyaga zulia, pu, pu, kama kuna breki pale. Ndipo nilipoelewa kitu cha kipumbavu: kwake kile kiti ndicho cha dereva. Amekaa mahali pake na hakuna chochote mbele yake.

"Finya embreyaji yote, mama! Yote!"

Klachi, kwa Kifaransa chake. Na ameniita mama! Siku tisa hajanisemesha, na neno la kwanza ni hilo. Likanizimikia mara ya tatu.

Kisha akasema, "Toka."

Akazunguka kwa mbele, akaingia kulia. Mimi nikahamia kushoto. Akatafuta gia, mkono wa kulia ukagonga mlango. Akautazama ule mkono. Akatafuta indiketa, waipa zikaanza kukwaruza kioo kikavu. Asuman akaanza kucheka, nikamkata jicho, akameza. Akaomba leseni. Baba akatoa ya kwetu, plastiki imegeuka njano. Asuman hakusoma tarehe. Akasema mwende hadi njia panda mrudi.

Na hapo tukakwama. Dakika ishirini sasa. Injini inanguruma, waipa bado zinapiga, hakuna anayezizima. Geti liko wazi, magari yanapita. Kijana wa Old Kampala amefika, amesimama kivulini na kukunja mikono. Saa sita kasoro robo! Nataka kupiga kelele. Naandika ili nisimtazame Baba usoni.

Ameuliza, "Kanisani ni kuzunguka mara ngapi?"

Mara moja, Baba.

Akatazama getini.

"Na hapa, inje, tunashika kushoto?"

Kushoto.

"Nikisahau unisemeshe. Usingoje heshima. Upige kelele."

Nikamwambia nitapiga. Kuhusu jana nikajaribu kusema samahani, akainua kidole, nisimvuruge.

Amezima waipa. Mkono wa kushoto umeipata gia. Anatazama kulia. Kushoto. Kulia tena. Tunasogea — mguu wangu umekanyaga zulia, siwezi kuutoa, Baba, kushoto, kushoto —