Mama Kwanza

Jumatatu, 6 Mei

Siku gani hii! Wameletwa wawili kwenye kiti kimoja cha magurudumu — mke wa watu, mimba ya miezi minane, na huyo aliye tumboni. Anayesukuma ni mama mkwe, na goti lake lililopasuliwa juzijuzi. Anasema binti alilia mgongo, akampa vidonge vikali vya maumivu alivyobakiza yeye baada ya upasuaji. Viwili tu. Pakiti haionekani.

Na sisi wakunga watatu, watu wazima na akili zetu, tukainama wote tumboni kusikiliza mapigo ya mtoto! Mazoea yana taabu. Dada mkuu wa wodi akauliza kwa upole kama yupo anayemsikiliza mama. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Hapo tukazinduka. Mto chini ya ubavu wa kulia, tumbo liegemee kushoto, damu ipate njia. Nikashika kidevu, nikampa hewa kwa mfuko wa kusukuma pumzi. Daktari akachoma dawa ya kuvunja nguvu ya vidonge. Akavuta pumzi — na mapigo ya mtoto yakapanda yenyewe.

Jumanne, 7 Mei

Kaamka, kanuna, anataka nyumbani. Mama mkwe keshafunga mfuko wa nguo. Nikawaambia sindano yetu huisha nguvu kabla ya vidonge, akilala huko huenda asiamke. Mama mkwe akaniita king'ang'anizi. Sawa, ndiye mimi.

Mchana binti akaanza kukoroma. Mama mkwe akatunyamazisha sote, binti apumzike. Nikamtikisa bega — kimya. Sindano nyingine, na sasa dawa inapita kwenye dripu. Mama mkwe aliegemea ukuta akilia, eti yeye ndiye muuaji. Nilimhurumia sana.

Jumatano, 8 Mei

Mtoto anacheza vizuri. Wageni wanaingia na kutoka, wote wanaulizia tumbo.

Mama mkwe alipokwenda kutafuta chai, binti akanishika mkono. Akaniambia vidonge havikuwa viwili. Vilikuwa vyote, na wala mgongo haukumuuma. Akaniuliza, akishajifungua salama, tutamwacha afanye atakavyo?

Nikamwambia hapana. Hata mtoto akitoka leo, yeye nitamng'ang'ania vilevile. Daktari nimeshamwambia, na mtaalamu wa afya ya akili yuko njiani.

Zamu yangu imekwisha. Sitoki. Nimevuta kiti kando ya kitanda, naandika hapahapa. Mama mkwe amerudi na chai, anauliza mjukuu wake anaendeleaje.

Binti ananitazama mimi.