Beringi Iliyotoboa Mlango wa Gereji

Shoga, naandika mbio mbio, nivumilie makosa ya kuandika.

Nusura nife. Sasa hivi. Hapa hapa gereji kwa mjomba.

Lile trekta nililokwambia, beringi imeganda kwenye shafti ya nyuma. Siku mbili mjomba kanikataza kuigonga na nyundo. Leo kaazima pula, kile chuma cha miguu mitatu kinachoikumbatia beringi na kuing'oa polepole ukikaza bolti yake ya katikati.

Kila akiiazima, mjomba huwa anaifunika na gunia zito, analifunga kwa mnyororo. "Ikichomoka ni risasi hiyo." Mimi huwa namcheka. Leo alipoenda kunawa, nikafungua mnyororo, nikaliondoa gunia nione kama beringi inasogea. Nikakaza. Nikainama, uso mbele yake kabisa.

Ndipo ukanibipu.

Nikakutukana, haki ya Mungu. Nikainuka, nikasogea pembeni nitoe simu mfukoni.

PAAA!

Beringi imechomoka, bati la mlango limetoboka, shoga. Limetoboka! Usawa ule ule wa uso wangu nilipoinama.

Mjomba akaja mbio, mikono ina sabuni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliingiza ngumi kwenye lile tundu akasema, "Kichwa chako kilikuwa hapa." Akarudia, "Hapa." Halafu akakaa chini kwenye oili, mtu mzima yule, akalia.

Na mimi miaka yote nakusema kwa ubahili wako wa kubipu.

Nibipu tena. Nataka tu kuisikia simu ikilia.