Mstari wa Chokaa pale Songwa

Mwanangu Mabula,

Mhola? Hapa Songwa mhola. Mimi mzima, mbuzi wazima, na mtama wa mwaka huu umenipita kimo. Nikiingia shambani hawanioni mpaka niimbe. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Unajua nilisoma kwa mwalimu wa dini kiangazi kimoja tu, tena nikiwa nimekubeba mgongoni, lakini herufi zangu zimesimama wima kuliko za karani wa kinu cha pamba. Asiyeamini aziweke pamoja atazame.

Sikuifunga. Anayekuletea huko kwenye machimbo ya Geita ni Mzee Nkwabi, muuza tumbaku, na nimemwambia anayetaka kuisoma njiani aisome. Aisome Segese sokoni, aisome popote atakapopumzika. Ndani yake kuna neno ambalo nataka watu walisikie, hata kabla yako.

Unakumbuka tajiri wa kinu alipotangaza kwamba mwaka ule ngoma za baada ya mavuno atazifadhili yeye? Tulifurahi, nisiseme uongo. Alileta fahali mweusi wa zawadi, turubai la wageni, viti, na vitambaa vyekundu. Kisha karani wake, Athumani, akaja na masharti kwenye karatasi. Kila kundi licheze kwa zamu, likiwa limegeukia turubai. Kila ningi, na hapo niwaeleze wasomaji wasio Wasukuma kwamba ningi ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo, aanze kwa kumshukuru tajiri kwa jina lake. Na watu wote wasimame nyuma ya mstari wa chokaa uliochorwa uwanja mzima, kana kwamba sisi ni ndama.

Ulimuuliza Athumani, “Sasa mshindi atajulikanaje?”

Maana tangu nizaliwe, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, na watu huenda wanakovutwa. Penye watu wengi jioni ndipo penye ushindi. Miguu ndiyo inayoamua.

“Wageni watatu watakaokaa vitini ndio watakaosema,” Athumani akajibu.

“Wanaijua ngoma yetu?”

“Wanajua kukaa,” akadakia Luhende, na hata Athumani akashindwa kuzuia kicheko. Luhende huyo huyo, ningi wa ng'ambo ya mto, mshindani wako tangu mkiwa wachunga ndama.

Siku yenyewe akaanza yeye. Maskini, mtu mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe, akaliimba jina la tajiri mpaka likaisha utamu. Watu tumesimama nyuma ya chokaa kama tuliofiwa. Wewe ulikuwa mbali, mwisho wa uwanja, ng'ambo ya mstari, ukingoja zamu yako na wapiga ngoma wako.

Halafu watu wakavuka. Wanawake na watoto migongoni, mpishi wa wageni na mwiko wake mkononi, mke wa Luhende pia. Wakakuzunguka, nawe ukaimba papo hapo:

*Aliyechora mstari aje aufute,*
*miguu yangu haijui kusoma.*

Ee Mabula! Nimesikia maningi wengi, na wengine walikuwa hodari, lakini sauti ile niliizaa mimi. Wengine husema hata fahali alikata kamba akaja. Sikuliona hilo, siwezi kuapa, ingawa sikatai. Ninachojua ni kwamba jioni mstari haukuwepo tena. Chokaa yote ilikuwa miguuni mwetu.

Fahali akapewa Luhende. Kesho yake Luhende akaja hapa nyumbani na mguu mzima wa nyuma begani. “Mayu, mama yangu,” akaniambia, “hii ni ya Mabula. Mimi nimepewa, yeye ameshinda.” Nikamwambia aoshe mikono. Mlikula mkigombea uboho kama watoto.

Siku ya tatu tukaitwa kwenye baraza la mtemi. Tajiri alilalamika kwamba amefedheheshwa mbele ya wageni wake, kwamba wewe uliwachochea watu, na wapo walionong'ona kuwa ulitumia dawa. Mtemi akauliza, “Nani aliwaita watu wavuke?” Akauliza tena. Ukasimama.

“Mimi niliwaita.”

Ukaambiwa usikanyage uwanja wa ngoma mpaka uombe radhi mbele ya watu wale wale. Ukasema ni heri ukachimbe dhahabu. Uliondoka asubuhi na jembe na kifuko cha michembe ya viazi niliyokukaushia, njuga zako ukaziacha ukutani.

Sasa sikia ya juzi. Athumani alikuja, akaketi, nikampa maji.

“Shikamoo, Mama Mabula.”

“Marahaba. Sema ulichotumwa.”

Tajiri amelainika. Mwaka huu atatoa fahali wawili, na zaidi ya hapo ataleta mwalimu wa kutufundisha kusoma, sisi wanawake na wazee, kiangazi chote, na vitabu juu yake. Anasema anataka kutuinua sisi na mila zetu. Lakini Mabula arudi, asimame mbele ya turubai, aombe radhi, kisha afungue ngoma kwa wimbo wa shukrani.

“Neno moja tu, mama,” akasema. “Mwandikie. Wewe atakusikia.”

Sikufichi, nilitamani. Mavuno mawili sijakuona. Kila nikisikia shimo limefukia watu huko, nazunguka sokoni mpaka nipate jina la aliyefukiwa. Mama Shija wa jirani naye akaja, pua juu.

“Neno moja, Mama Mabula! Mwanao arudi, nasi tupate mwalimu. Ningekuwa wewe ningekwisha kuandika.”

“Ungekuwa mimi ungekuwa mrefu,” nikamjibu. Tukacheka, lakini hakuondoka akicheka.

Nikatafuta karatasi, nikaandika “Mwanangu, omba...” na kalamu ikagoma. Kuomba radhi huko si kwako, Mabula. Wewe unalijua hilo, nami nalijua.

Hukumwita mtu. Ulikuwa umeinama unafunga njuga za mguu wa kushoto, na fundo linakushinda kama lilivyokushinda tangu ulipoanza kucheza. Nililiona fundo lile nikiwa nyuma ya chokaa. Nikavuka kuja kukufungia. Wala sikuutazama mstari. Nilipoinua kichwa, Mama Shija yuko nyuma yangu, na nyuma yake uwanja mzima. Ukanitazama, ukawatazama watu, ndipo ukaimba.

Na barazani ulinitazama tena kabla hujasimama. Nami, mwanamke ninayejisifia hata chumvi ya mboga yangu, nikatazama chini. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sijawahi kujisifia.

Basi nasema wazi, anayesoma asikie na asiyejua kusoma asomewe: mimi, mama yake Mabula, ndiye niliyevuka kwanza. Kama yuko wa kuomba radhi, ni mimi, na siombi. Nimemzaa ningi, nikamfungia njuga zake. Nani anataka niungame hilo kama wizi?

Athumani aliporudi kuchukua jibu nilimwambia hivyo hivyo. Akajikuna shingo.

“Nikamwambie tajiri maneno haya haya?”

“Haya haya. Na umwambie viatu vyako jioni ile vilikuwa vyeupe.”

Akavitazama viatu, kana kwamba chokaa ingali pale. “Nilivuka kuwarudisha watu, mama.”

“Ulivuka ukapiga makofi.”

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema kwa upole, “Basi mwalimu hatakuja.”

“Mwalimu yupo, unakunywa maji yake.”

Usidhani nilikuwa najigamba bure. Kila alasiri tunakaa kwenye uwanja wa kupuria mtama, mimi na wanawake sita, tunaandika kwa kijiti kwenye majivu. Mimi niliyesoma kiangazi kimoja! Mama Shija aliapa hatakuja, akaja siku ya pili. Ameshafika kwenye jina lake, anaruka herufi moja, na kijiji kizima hatujapumzika na majivuno yake. Nilipowaambia ni mimi niliyevuka kwanza, akaguna: “Unadhani sikujua? Nilikuwa nimeshika kanga yako.”

Simchukii tajiri. Alitoa fahali mzuri. Lakini siku atakayosimamisha turubai lake, sisi tutacheza kwenye uwanja huu huu wa kupuria. Luhende mwenyewe amekuja kuniambia analeta kundi lake lote. Mtacheza pamoja, yeye upande wake na wewe upande wako, bila zamu, bila jina la mtu kinywani, na kila nyumba italeta chungu chake. Tajiri tumemwalika. Asimame atakapopelekwa na miguu yake. Na mtemi akiniita barazani nitakwenda, na safari hii nitatazama juu.

Umefungiwa uwanja kwa kosa la aliyewaita watu, na sasa anajulikana. Basi rudi. Usipite kwenye turubai, usimpigie mtu goti, usibadilishe hata neno katika wimbo ule. Luhende anasema safari hii atakushinda kihalali, nami nimemwambia aote vizuri.

Njuga nimezipaka mafuta, zinalia nikizigusa tu. Za mguu wa kulia ufunge mwenyewe. Za kushoto niachie.

Ni mimi mama yako,
niliyevuka kwanza.