Begi la Zaina na Radhi Niliyoikalia

Jumatano, alasiri. Jua kali, upepo wa vumbi.

Assalaam alaykum, ndugu zangu mnaonisoma. Hamjambo huko mliko? Wagonjwa wenu wamepata nafuu? Sisi hapa Kitete wazima, alhamdulillah.

Neno langu leo ni moja. Mwanangu Zaina, huyu aliyenifungulia blogu hii, amepata kazi ya utafiti wa nyuki huko Uholanzi. Miaka miwili. Mwisho wa kuwajibu ni kesho, naye amesema bila radhi yangu hajibu.

Radhi nimeikalia tangu Ijumaa.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kazi hizi nilichelewa kuzielewa. Mtu ana shahada ya uzamivu, anaitwa daktari, halafu anatafuta mkataba mfupi wa kufanya utafiti. Ukiisha, anatafuta mwingine. Mwaka mzima nimemwona akiandika maombi, akiwabembeleza maprofesa wamwandikie barua za kumdhamini. Nimejifunza hata kuyasoma majibu: yakianza kwa shukrani nyingi, ujue amekosa.

Wakati huohuo shule moja ya Usoke inamtaka akafundishe. Ajira ya kudumu, mwendo wa treni tu. Nami kila swala nimemwomba Mungu ampe "kazi ya kudumu". Usoke sikuitaja.

Mungu alinielewa.

Leo mchana kaingia jirani yetu Bi Chausiku, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani haombi ruhusa. Alilikuta begi tupu la Zaina barazani, akajitwika kichwani, akaanza kuzunguka ua kwa maringo.

"Mnyamwezi kukataa mzigo, tangu lini? Babu zenu walibeba pembe kwa miguu mpaka kwetu pwani, nani aliuliza kama kazi ni ya kudumu? Huyu anapanda ndege, wewe unanuna!"

"Nyamaza, Mzaramo, nyie mnajua ngoma tu. Na hao babu zetu, wengine hawakurudi."

Akasimama, begi kichwani. "Hilo kweli, mtani. Babu wa bibi yangu alikuwa wenu. Alitua mzigo Kisarawe, akaonja nazi, akasahau njia."

Zaina, aliyekuwa akichambua mchele, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuwa amecheka hivyo tangu arudi nyumbani na shahada yake.

Nilimtazama. Niliyekuwa nikimwombea Usoke ni Zaina yule mwingine, asiyecheka.

Nikamwambia, "Wajibu, mwanangu. Radhi zangu unazo."

Bi Chausiku akadai ujira wake wa upagazi, akaondoka na tetea wangu kwapani. Hakuna aliyemzuia.

Sasa dua yangu imebaki fupi: arudi. Nyingine sina.

Ninyi ambao watoto wenu wako mbali, huwa mnawaombea nini? Tafadhali nijibuni mapema, begi likiwa bado barazani.